Mawese Kwenye Giaboksi

Slasha ya trekta haina siri nyingi. Ni sahani pana ya chuma inayofungwa nyuma ya trekta, visu viwili chini yake, na juu katikati giaboksi moja ya ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu watano. Shafti inatoka kwenye trekta, inaingia kwenye giaboksi, giaboksi inazungusha visu, majani yanalala. Inachodai ni oili ya gia, safi na ya kipimo chake, basi. Hilo nilikuwa nalijua vizuri, hata siku ile nilikuwa nalijua. Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba nilikosea kwa kutojua.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Shamba lilikuwa la michikichi, ndani kidogo kutoka Mwandiga, na dereva nilikuwa mimi, mtu wa Ujiji, mwenye maneno mengi kuliko kazi. Fundi wetu alikuwa Mrundi. Mkewe na mtoto wao mchanga walikuwa kambini, huko mbele ya Kidahwe kwenye njia ya Kasulu. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na tajiri mwenye shamba alikuwa amemwombea fundi kibali cha kazi. Kwa karatasi hiyo alilala shambani wiki nzima, chumba cha pili kutoka changu.

Wengine walidhani anakipenda kibali kwa sababu ya mshahara. Mimi nilijua zaidi, kwa kuwa aliniambia mwenyewe. Siku walipokimbia kwao, pale ufukweni watu walipogombania boti, mkono wa binti yake mkubwa ulimponyoka. Mtoto wa miaka sita. Boti ikaondoka na baba, mama na kichanga, yule wa kike akabaki kwenye ule msukosuko. Tangu apate kibali, kila Jumamosi mchana fundi aliosha mikono kwa dizeli, kisha kwa sabuni, akashuka Kibirizi zinakofikia boti, na kumuuliza kila aliyeshuka: hamkumwona mtoto wa kike mwenye kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto? Akirudi shambani nilikuwa simuulizi kitu. Uso wake ulitosha.

Nilizoea kumtania. Nikamwambia siku moja, "Fundi, utazimaliza boti zote za ziwa hili."

"Ego, dereva," akanijibu, yaani ndiyo. "Nikizimaliza nitaanza upya."

Mwaka ule mvua ziliponyamaza majani yalikuwa yamefika kiunoni katikati ya mistari ya michikichi. Ijumaa moja fundi alifungua kifuniko cha giaboksi, akachovya kijiti, kikatoka na oili nyeupe kama uji. Maji yalikuwa yameingia. Slasha ile haikuwa na tundu la kumwagia chini, kwa hiyo alinituma niwashe trekta, tuizungushe kidogo ipate joto, halafu akaingiza mpira mwembamba kwa juu na kuinyonya oili yote hadi kwenye kopo, akiitema ile iliyomfika mdomoni. Akasuuza kwa dizeli. Akanyonya tena. Kazi iliyostahili nusu saa yeye aliifanya asubuhi nzima, na kila spana aliifuta kabla ya kuirudisha mahali pake.

Stoo hakukuwa na oili ya gia. Iliagizwa mjini, ingefika Jumatatu. Fundi akafunga kitambaa kwenye shafti, alama yake kwamba mashine haiko tayari, na Jumamosi kabla ya kushuka Kibirizi akanipitia.

"Dereva, usiiguse, sha, rafiki. Iko tupu kabisa."

"Niiguse nina wazimu?"

Sasa, Jumapili ile dada yangu alikuwa anaolewa Ujiji. Baba yetu alikwishafariki, mimi ndiye niliyekuwa walii wake. Jumamosi hiyo, fundi akiwa ameshashuka, nilipokwenda kuomba ruhusa, msimamizi, mzee mmoja wa Kiha asiyecheka ovyo, akaniambia kipande cha chini kikishafyekwa nitakwenda, kisipofyekwa nisimsumbue. Huenda ningemweleza kwamba giaboksi haina oili angenielewa. Sikumweleza. Nilitoka mle nimevimba kwa hasira, nikakiona kinu chetu cha kukamulia mawese, na mapipa yake yamejaa pomoni. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta. Nikachota dumu moja, nikafungua kitambaa, nikamimina kwenye giaboksi mpaka ikafurika.

Naapa, kwa muda wa saa nzima slasha iliimba. Nilifyeka huku nikimcheka fundi na vijiti vyake. Kisha nikasikia harufu ya kukaanga, ile inayokupata ukipita jirani wakiandaa samaki, na nikajua. Ningezima pale pale pengine meno ya gia yangepona. Lakini mistari ilibaki minne, na nilikuwa namwona dada yangu amekaa na hina mikononi akiulizia niko wapi. Mstari wa mwisho niliumaliza kwa kelele za chuma kusaga chuma. Nikairudisha slasha bandani, nikaoga, nikaenda kuozesha.

Jumatatu oili ikaja. Fundi akafungua kifuniko, na nyuma yake tumesimama mimi na msimamizi. Ndani kulikuwa kwekundu, kumegandamana, na vipande vya meno ya gia vimo humo kama punje za mahindi. Harufu ilienea banda lote. Fundi aligeuka akanitazama mimi, hakunitazama kwa ukali, alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Nani ametia mawese humu?" msimamizi akauliza.

Nikasema, "Mimi nilikuta imejazwa. Nikadhani fundi kaiacha tayari."

Sikuwa nimepanga kuyasema. Yalitoka yenyewe, mepesi, na yalipokwisha kutoka nilisubiri fundi anirukie ili na mimi nipate hasira ya kuyashikilia. Alisema neno moja tu, taratibu: "Oya." Yaani hapana. Msimamizi akatutazama sote wawili, akafuta vidole kwenye suruali, akaondoka.

Siku mbili zilipita bila uamuzi. Siku hizo mbili nilijitafutia shughuli ambazo sijapata kuzifanya maishani: niling'oa magugu nyuma ya choo, nikaosha trekta iliyokuwa safi. Fundi alikaa bandani anatoa gia zilizovunjika, moja moja. Asubuhi zote mbili alinisalimu, "Amahoro, dereva," nami nikaitikia. Ningeweza kusema wakati wowote. Msimamizi alikuwa ofisini, mlango wazi, hatua arobaini kutoka chumbani kwangu. Niliogopa kufukuzwa, ndiyo, lakini zaidi ya hapo niliona haya. Kila saa iliyopita haya ziliongezeka, mpaka ikawa kama jambo lenyewe limekwisha.

Alhamisi kibali kilirudishwa kilikotoka. Gari la shamba likampeleka kambini na begi lake dogo. Alipopanda alinipa mkono, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kuagana, na nikaupokea.

Niliona nitamsaidia kwa njia yangu. Jumamosi iliyofuata nilishuka Kibirizi mimi, nikauliza juu ya mtoto mwenye kovu. Kirundi changu kilikuwa cha kuungaunga. Mama mmoja alinishika mkono, akanieleza mambo marefu ambayo sikuyaelewa hata nusu, akalia, nikashindwa kujua kama amemwona huyo au analilia wake. Nikamwacha pale. Jumamosi ya pili nilikwenda. Ya tatu ilinyesha. Ya nne kulikuwa na mpira Ujiji. Baada ya hapo sikwenda tena, na hakuna aliyenikataza.

Ilichukua miezi hata nikathubutu kwenda kambini. Jirani yao aliniambia wameondoka, wamerudi kwao wote watatu. Fundi alikuwa amechoka kukaa ndani, akasema kama hawezi kufika ziwani kutokea upande huu, atamtafuta kutokea upande ule. Huko kwao vita vilikuwa havijaisha. Jirani alinikaribisha kiti, sikukaa.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja ofisini. Nikamwamkia msimamizi shikamoo, akaitika, nikabaki nimesimama. Nikamwambia yale mawese nilitia mimi, na kwamba fundi nilimsingizia. Nilikuwa nalia. Nilitaka anipige, au anifukuze, yote ningeyashukuru.

Hakuinua hata macho kwenye karatasi zake.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtu anayefuta spana kabla ya kuiweka, atie mawese kwenye giaboksi?"

"Sasa mzee, mbona ukamwondoa yeye?"

"Tajiri alitaka mtu mmoja aondoke. Ningemwambia ni wewe bila wewe kukiri, tungebishana. Wewe una ukoo mzima Ujiji, wangejaa hapa kukuombea. Nikakaa na barua ya kumrudisha kambini hapa mezani siku mbili sijaitia sahihi. Jumanne nilikaa mpaka jioni. Jumatano nilikaa mpaka jioni." Ndipo akaniangalia. "Yule hakuwa na mtu hapa wa kumsemea ila wewe. Nilikuwa nakungoja."