Mweka Hazina Aliyeomba Cheo Chake Kifutwe

Orville Tvedt alikuwa mfuga nguruwe hadi wananchi wa jimbo lake walipomchagua awe mweka hazina. Wiki ya kwanza tu akagundua kwamba kazi yote hufanywa na makarani. Yake ilikuwa kutia sahihi tu, nayo ilipigwa na mashine.

"Hiki cheo ni cha enzi za babu zetu," alimlalamikia mkewe, Darlene. "Hazina ilikuwa sanduku la chuma, na lazima apatikane mtu wa kulilalia. Sanduku lenyewe sasa liko makumbusho."

Uchaguzi uliofuata alisimama kwenye maonyesho ya kilimo na bango: NICHAGUENI, CHEO HIKI KIFUTWE. Karatasi ya kura iliuliza mawili: nani awe mweka hazina, na je, cheo kifutwe?

"Mzee, wewe mkweli," mkulima mmoja alimwambia, akitafuna nyama ya nguruwe kwenye kijiti. "Kura yangu unayo."

"Na cheo, utakifuta?"

"Tukikifuta, wewe tutakuchagua uwe nani?"

Orville alishinda kwa kishindo. Hoja ya kufuta cheo ikaanguka kwa kishindo kilekile. Ikawa hivyo chaguzi nne mfululizo.

"Watu gani hawa, hawana akili?" alifoka asubuhi ya ushindi wa nne.

"Usiwatukane," alisema Darlene, akimmiminia kahawa. "Hata mimi hupiga kura ya hapana, kila mara."

"Hata wewe? Kwa nini?" aliuliza Orville.

"Ulipoumwa goti ukakaa nyumbani wiki mbili, ulinipangia vijiko vyangu kwa ukubwa. Nenda kazini, mume wangu."