Matofali Yaliyopanda na Kushuka

Mwaka ule wa 1957, watu wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, walianza kumwita Isidore "Papa Mujengaji", naye hakuwa akijenga chochote.

Alikuwa planton, mpeleka barua wa ofisi moja mjini, mtu wa miaka arobaini na miwili, mkimya hata wenzake wakasahau kama yumo chumbani. Kila alfajiri alishuka mpaka kwenye tanuru ya matofali karibu na ziwa. Kapita, msimamizi wa pale, alimruhusu kuchukua yaliyovunjika pembe. Isidore alitia kumi guniani, akajitwika, akapanda nayo kilima chote mpaka nyumbani, ndipo akanawa na kwenda kazini.

"Papa Isidore!" jirani yake Martine alimpigia kelele toka mlangoni. "Unataka kushinda nyumba ya padri?"

"Ni jiko tu," alijibu, macho chini.

Ulikuwa uongo wa haya. Ukweli ni kwamba alikuwa akiizoeza miguu yake kwa ajili ya Kahuzi, mlima ule ambao siku za hewa safi aliuona toka kizingiti chake. Zamani baba yake, mbeba mizigo, alifika mpaka kileleni. Aliporudi hakueleza alichokiona. Alisema tu, "Siku ile macho yangu yalishiba," na neno hilo akawa nalo mpaka kufa. Isidore alikuwa amekula, ameoa, amezaa, lakini macho yake hayajawahi kushiba.

Basi mwezi wa sita mwalimu Firmin alipotangaza kanisani kwamba mwezi wa nane atawapandisha wanaume kumi Kahuzi, na kwamba atawapima kwanza, Isidore hakuinua mkono. Alingoja watu watoke wote, akamwendea na kumnong'oneza jina lake.

Shida ni kwamba mke wake, Séraphine, alisikia habari ya jiko. Miaka yote alipikia chini ya bati lililotoboka, mvua ikimwingilia chunguni. Sasa alifagia kulizunguka rundo la matofali kama mtu anayefagia kanisa, akaonyesha kwa mguu mahali mafiga yatakapokaa. Isidore alitazama pembeni.

Siku ya kupimwa, kila mtu alipewa gunia la mchanga, wakapanda toka ziwani mpaka juu ya Kadutu. Isidore alifika wa pili. Nyuma yake vijana walikuwa wakihema kama mbuzi waliofukuzwa. Alicheka peke yake, kidogo.

"Vizuri," mwalimu Firmin akasema. "Sasa mushuke. Na mizigo yenu."

Huko Bukavu mzigo hupanda: maji hupanda, unga hupanda, mbao hupanda. Nani hushuka na mzigo? Hata nusu ya njia hawajafika, magoti ya Isidore yakaanza kutetemeka kama ya ndama wa siku moja. Akakaa chini katikati ya barabara.

Firmin akamchutamia. "Papa, kupanda unajua. Lakini mulima hauna nyumba ya kulala huko juu, lazima ushuke. Rudi kisha siku kumi na tano. Magoti yakikataa tena, utabaki."

Hapo Isidore akaona kosa lake. Siku zote alipanda na matofali, akashuka mikono mitupu. Kesho yake alfajiri alikuwa akijaza gunia toka kwenye rundo, Séraphine akatokea na ufagio.

"Baba Constance, jiko langu linaenda wapi?"

"Mama Constance... haikuwa jiko." Akaonyesha upande wa Kahuzi. Tangu kiangazi kianze, moshi wa mashamba ulikuwa umeufunika. "Ni ile mulima."

"Mulima gani? Naona moshi tu."

Akamweleza habari ya baba yake, ya macho, ya magoti. Séraphine hakuwa amesikia maneno mengi hivyo kinywani mwake kwa mwaka mzima.

"Kumbe mafiga yangu niliyapanga juu ya Kahuzi," akasema mwishowe. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Mutu mukubwa kama miye."

Séraphine akaegemeza ufagio ukutani. "Shusha. Lakini kila tofali la asubuhi, jioni lipande tena. Na ukirudi toka huko, jiko lisimame."

Hivyo matofali yakashuka asubuhi na kupanda jioni. Martine alishika kiuno kwa kicheko: "Jamani, nyumba ya Papa Isidore inatembea!"

Siku ya kumi na tano magoti yalitetemeka tena, lakini hakukaa. Alipokanyaga mchanga wa ziwa, Firmin alimgusa bega. "Kesho tunaondoka. Jogoo wa kwanza."

Jioni ile mvua ndogo, iliyopotea njia kabla ya majira yake, iliosha hewa. Isidore alikuwa akipanga matofali kando ya ukuta Séraphine alipomwita. Kahuzi ilikuwa imetokea, ya buluu, karibu kuliko alivyoikumbuka.

"Kwetu Mudaka niliiona kila siku nikilima," Séraphine akasema. "Sikufikiri ni kitu cha kutamaniwa." Akasimama naye mpaka kilele kikaanza kufifia. "Ukirudi, usifanye kama baba yako. Mimi uniambie uliona nini."

Isidore alikuwa angali akitazama.