Nilitibu moyo kwa maziwa ya pakiti hapa Mbale

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijaisikia kijiweni, mwenye kifua ni mimi mwenyewe.

Mimi Mkenya wa Bungoma, nauza viatu vya mtumba Mbale, Uganda, nimepanga chumba Namakwekwe.

Asubuhi moja napanga mzigo, kifua kikabana. Jasho likanitoka kama nimemwagiwa ndoo. Mkono wa kushoto ukawa mzito, maumivu yakapanda hadi kwenye taya.

Nikajua tu, ulcers, vidonda vya tumbo.

Msinicheke. Huku kila kinachouma juu ya kitovu ni ulcers, na dawa yake ni maziwa. Hata kaka yangu wa Mpumudde, Jinja, alipofariki mwaka jana, msibani sote tulisema ulcers. Basi nikakaa mlangoni nanyonya pakiti kama ndama.

Jirani yangu Hajat, mama wa Kinubi, mjane wa mwanajeshi, akaniona. Tulikuwa hatusalimiani mwezi mzima kwa sababu nilitukana kuku wake.

"Wewe nataka kufa na hii maziwa? Simama!"

Akaita boda, akanibana katikati yake na dereva, tukapaa hadi hospitali.

Foleni ndefu balaa. Hajat akatoa Kiswahili cha marehemu mumewe: "Nyinyi! Toka njia! Moyo ya hii mutu nasimama!"

Wakuu, Kiswahili kikali hapa watu wanakijua ni cha jeshi. Foleni ilipasuka. Mlinzi wa mlangoni akajibu, "Ndiyo, afande."

Ndani hakuna aliyetaja ulcers. Nesi akaninyoa kifua upande mmoja (nikafanana na kuku wa Hajat aliyenyonyolewa nusu), wakanibandika nyaya za ECG za kupima moyo, wakatoa damu, nikapewa aspirini nitafune. Jibu: heart attack. Wakanitundikia dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Nikamuuliza daktari kama ulcers hupanda hadi kwenye taya.

"Bwana, hiyo ni moyo."

Nikalia wakuu, tena kwa sauti. Hajat alidhani ni sindano.

Siku ile aliyofariki, kaka alinipigia simu akilalamika kifua na taya. Mimi ndiye niliyemwambia anywe maziwa.

Kifua kikibana, jasho likikutoka, mkono au taya ikiuma, kimbia hospitali. Usijipime mwenyewe, na usimpime ndugu yako kwa simu.

Haya, nani hapa ana ulcers ambazo hakuna daktari aliyewahi kuzipima? Funguka.