Ng'ombe wa Ukutani

Mafuta ya kukamulia yana harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na mpaka leo nikiyanusa vidole vyangu hutaka kushika brashi. Kwetu Tetu mambo hayo mawili yalikutana miaka michache baada ya uhuru, wakati wakulima wa kijijini walipoanza kufuga ng'ombe wa gredi, wale chotara wa maziwa mengi, na kila mtu, hata asiye na ndama, akawa bingwa wa ng'ombe. Walijenga banda la kupokelea maziwa kando ya barabara, wakalipaka chokaa, kisha mwenyekiti wao, Mzee Gathogo, akaja nyumbani kuomba nichore ng'ombe ukutani kabla ya ufunguzi rasmi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ramani zote za darasani nilikuwa nimezichora mimi, na jioni hiyo nilijiona mkubwa kuliko ule mlima tunaouona kutoka kwetu.

Kosa langu lilikuwa la kijinga. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe, Meri, aliyenitazama kila asubuhi nikinywa chai ya maziwa yake. Lakini mimi nilinakili picha ya kopo la maziwa ya unga, kwa sababu niliamini kwamba kilichochapishwa ndicho sahihi. Kutu ilikuwa imekula nusu ya nyuma ya ile picha, kwa hiyo sehemu hiyo niliibuni. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilicheza kwetu, na kulipokucha wakulima wakapanga foleni penye ukungu na mikebe yao, wakatazama kiwele nilichokitundika katikati ya tumbo.

“Wangechi,” aliita jirani yetu, Mama Muthoni, “hii ng'ombe yako maziwa inatoka na kitovu?”

“Wacheni mtoto,” akasema Mzee Gathogo. “Labda hiyo si kiwele. Labda ng'ombe imebeba kiondo ikienda soko Karatina.”

Foleni nzima ilicheka mpaka maziwa yakamwagika. Niliifuta nusu ya nyuma kwa chokaa, kisha nikashindwa kuirudisha. Kila siku nilichora mstari kwa makaa, nikaufuta, nikachora mwingine mbaya zaidi. Baadaye nikaacha kwenda, nikasema mkono unaniuma. Nilianza kuamini kwamba sikuwahi kujua kuchora, kwamba ramani ni kazi ya kufuatisha tu. Kwa majuma mawili nusu ng'ombe alisimama kando ya barabara, na watu wakaulizana nusu nyingine imeliwa na nani. Mwishowe Mzee Gathogo alisema nisipomaliza kufikia Ijumaa, watapaka chokaa ukuta wote. Nilifurahi, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Nyanya aliniambia subira huvuta heri. Nilimuuliza inaivuta kwa kamba gani, akacheka tu. Mama hakuwa mtu wa methali. Alinipa ndoo na kigoda.

“Kuanzia kesho wewe ndiye utakuwa ukikamua.”

“Lakini mama, mimi ni mchoraji.”

“Meri hajui hayo maneno. Kaa chini.”

Siku ya kwanza Meri alipiga ndoo teke. Siku ya pili niliegemeza paji la uso ubavuni mwake, penye joto, nikatambua kwa mikono kile ambacho macho yangu hayakuwahi kukihangaikia: kwamba kiwele kiko nyuma kabisa, kimebanwa na mapaja, na ngozi yake hujikunja kila anapohamisha mguu. Siku ya nne maziwa yaliimba ndani ya ndoo. Alhamisi, vidole vikiwa bado na mafuta, nilikwenda moja kwa moja bandani. Makaa yaliteleza, mistari ikachafuka, nikaendelea hivyo hivyo.

Ijumaa Mama Muthoni aliweka mkebe chini, akainama kama anayetaka kukamua. “Miguu ni mirefu,” akasema.

“Na imekonda,” Mzee Gathogo akaongeza. “Hii iko na njaa.”

Hakuna aliyenisifu, ila chokaa haikuletwa. Asubuhi iliyofuata nilipopeleka maziwa, nilikuta fungu la majani mabichi ya napia, yale ya kulishia ng'ombe, limefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, limewekwa chini ya mdomo wa ng'ombe wangu. Niliuliza foleni nzima. Kila mtu alitazama angani.

Siku hizi nimepanga chumba mjini, Ruring'u, nina shahada na brashi za kununua, na bado karatasi hukaa nyeupe hata mwezi mzima. Marafiki zangu wasomi husema kazi yangu inapendeza. Hakuna aliyewahi kuniuliza maziwa yanatokea wapi. Nikikwama sana huenda Tetu kukamua. Sidai kwamba ni dawa. Safari iliyopita nilirudi na maumivu ya kiganja tu. Lakini nilipita bandani. Ng'ombe amefifia, sikio moja limebanduka, na chini ya ukuta palikuwa na majani mawili matatu ya napia, huenda yalianguka kutoka kwenye mzigo wa mpita njia. Mimi huuliza kila kitu. Hayo sikuyauliza. Niliyasogeza karibu na mdomo wake, nikaenda zangu.