Spika Nne za Harusi ya Alunguli

Saa tisa alasiri, uani kwa akina Jamila, Alunguli, fundi Zuberi Bulaimu amelala kifudifudi mavumbini, kichwa chini ya meza. Koti lake la abakosti amelitundika kwenye kiti. Mezani kuna amplifaya yake, na nyuma ya mashine hiyo swichi ndogo yenye alama tatu: 4, 8, 16.

"Muntu akichezea hii bila kujua," anasema akiwa huko huko chini, "ndoa inaisha na moshi."

Hatanii. Hapa, kila upande wa harusi huleta spika za nyumbani kwake, kama unavyoleta sufuria na viti, na kukataa spika ya mkwe ni kumtukana mbele za watu. Akina Jamila, bibi harusi, wameleta mbili. Sasa Mzee Kasimu, baba mdogo wa bwana harusi, ametua na mbili nyingine kutoka kwao Tunda, beji ya chama ikimeta kifuani.

"Zetu zinalia muzuri, Papa Zuberi. Utie tu!"

"Utie tu" ndiyo iliyoua amplifaya ya kwanza ya Zuberi. Kila spika ina ohm 8, kipimo cha jinsi inavyozuia umeme. Ukizifunga zote nne kwenye mashine, kila moja na waya zake, kizuizi kinashuka hadi ohm 2. Umeme unapita kwa pupa, na vifaa vya ndani vinaungua. Vipya hutoka Kisangani kwa barabara ya Lubutu, mvua ikipenda. Na mwezi ujao Zuberi anamwoza binti yake, Riziki.

"Nilimuahidi mutoto muziki," anasema. "Hii ikikufa, nitamuambia nini?"

Mwandishi huyu alidhani atakataa mbili. Wapi! Fundi anachukua spika moja ya Jamila na moja ya Mzee Kasimu, anaziunga zifuatane, umeme upite kwanza huku ndipo uende kule. Nane na nane, kumi na sita. Anatengeneza jozi ya pili vivyo hivyo. Kisha jozi zote mbili anazileta kwenye mashine bega kwa bega, na kizuizi kinarudi ohm 8, kana kwamba pana spika moja tu! Anasogeza swichi kwenye 8.

Mzee Kasimu amenuna, anadai sababu. "Juu ya nini yetu imefungwa na yao?"

Zuberi anawasha. Rumba inajaa ua mzima. Kisha anachomoa waya mmoja wa spika ya mzee, na ya akina Jamila iliyoungwa nayo inanyamaza papo hapo. Anaurudisha, zote mbili zinaimba.

Salale! Mama mmoja anapiga kigelegele. Mzee Kasimu anacheka hadi anashika mbavu.

"Muache hivi hivi! Ndoa njo hii, ndoa yenyewe!"

Kila mara Zuberi anaweka kiganja juu ya mashine, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Ni vuguvugu tu. Je, siku ya Riziki atawazuia wakwe wasilete spika?

"Nizuie? Walete hata kumi! Lakini siku ile mimi niko baba, siwezi kulala chini ya meza."

Basi nani atazifunga?

"Riziki mwenyewe. Nilimufundisha, na mukono wake unapita wangu." Anajifuta vumbi, anatabasamu. "Atafunga asubuhi, anawe, njo avae shela."