Ufa Mbele ya Nyumba Yetu

Du-dum. Du-dum. Hivyo ndivyo malori ya mafuta yalivyopita mbele ya nyumba yetu Changamwe: magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma, juu ya ufa mmoja wa lami. Mimi nikiusikia mlio huo roho hainitulii. Tayari nimo garini, Voi nimeshaipita, Nairobi hiyo, Kampala hiyo! Shule niliishia darasa la nne, lakini safari za mawazo hazina nauli.

Baba yangu, aliyekuwa kibarua wa kuziba nyufa za barabara, alisikia jambo jingine.

"Mlio umekuwa mzito," alisema, amelala na homa. "Ufa umepanuka."

Ilikuwa miezi ile ya kungojea uhuru, na mvua za vuli zimekaribia. Nyapara alikuwa amewahamishia vibarua wenzake baba mjini, kwenye barabara watakazopita wageni wa sherehe. Ufa wetu ukabaki wazi. Na baba alikuwa akituambia daima: maji yakipenya ufani hula udongo wa chini kimyakimya, juu lami inang'aa kama bibi harusi, mpaka siku lori lizame.

Kila lori likipita, alijiinua mkekani.

"Kesho nakwenda kuuziba mwenyewe."

"Wallahi ukivuka kizingiti na homa hiyo, hunikuti," mama akamwambia. "Nakwenda kwetu kwa mamangu."

"Mpe salamu zangu."

Mama akacheka, kisha akageukia ukutani akapangusa macho. Nilimwona. Tangu hapo sikukalika: nikiketi nasimama, nikisimama natoka kutazama mawingu.

Asubuhi mama alikwenda kuteka maji, na usingizi ukamchukua baba. Nikatwaa kopo la lami aliyoiweka ya kuzibia paa, nikaliteleka jikoni hadi ikalegea. Barabara ilikuwa tupu. Nikaufagia ufa kwa ufagio wa chelewa mpaka ukatakata, maana lami hainati penye vumbi. Nikamimina polepole, nikanyunyiza mchanga juu isije ikaganda nyayoni mwa wapitao.

Lori likanguruma kwa mbali. Nikaruka kando, nikatega sikio.

Likapita. Hakuna du, hakuna dum. Nikachungulia dirishani: baba bado amelala, mdomo wazi.

Nikachota konzi nyingine ya mchanga, nikarudi barabarani kufunika pale gurudumu lilipopaacha peusi.