Koti la Kukulia

Watoto wengi wa Tukuyu wa miaka ile walivaa nguo zilizowapwaya, na wa kulaumiwa ni mmoja tu: Haruni, muuza mitumba wa pale sokoni. Mzazi akimjia na mtoto, Haruni anamtazama mtoto juu mpaka chini, anazamisha mkono kwenye rundo na kuibuka na sweta ambalo lingemtosha baba mtu. Mzazi akiguna, jibu lilikuwa moja.

"Atalikulia."

Ukimbishia, anakasirika kweli kweli. "Mama, wewe unamvalisha mtoto wa leo tu. Huyu si jiwe, anakua!"

Ungedhani ni ujanja wa biashara. Wala! Watoto wake mwenyewe ndio walioionja zaidi hiyo habari. Khalidi, mkubwa, alimaliza shule ya msingi ndani ya kaptula iliyokuwa ikimgonga magoti na kushuka zaidi, kisha akaenda Dar es Salaam kufanya biashara, na huko akaapa hatavaa tena nguo ya kukunja. Rukia, mdogo wake, yeye alipata koti.

Lilitoka kwenye belo moja la mwanzo mwanzo, mitumba ilipoanza kumiminika baada ya ile miaka ya dhiki, tulipovaa kiraka juu ya kiraka na kuona sawa. Koti la sufu, la kijivu, la mwanamke mzima, vifungo vyote vipo. Mke wa mchungaji mmoja wa Kinyala alilishika, akalinusa, akalipenda. Haruni akamnyang'anya kwa adabu.

"Samahani, mama. Hili lina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Mwanaheri, alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita, na Haruni, ambaye hakuwahi hata kumchana mtoto nywele, alikuwa ameachiwa wawili. Hakujua mtoto wa kike anahitaji nini. Alijua baridi tu, na baridi ya Tukuyu haina masihara. Basi Rukia akawa anakwenda shule kwenye ukungu, pindo la koti linafagia umande, mikono imekunjwa na kukunjwa tena, na wenzake nyuma wanaimba, "Koti linatembea! Koti linatembea!" Akirudi analia. Haruni anachuchumaa, anamkunja mikono upya na kumwambia, "Waache waimbe wachoke. Utalikulia."

Sasa njoo mwaka wa tisini na nne, kiangazi kikiwa ukingoni. Barabara ya kwenda Masoko vumbi tupu, migomba ya kando imegeuka rangi ya matofali, na kila mtu anatazama mlima Rungwe kuona kama wingu limekaa. Rukia alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, Tanga. Haruni alitangaza soko zima mpaka wauza dagaa wakamwomba apumzike. Kisha, siku chache kabla ya safari, vumbi la kiangazi na vumbi la mabelo vikamkalia kifuani, akaanza kukohoa.

Asubuhi moja jirani yake wa sokoni, muuza ndizi aitwaye Sekela, ambaye Haruni alimwita Mama Anyitike miaka yote, alimsogelea. Huyu ndiye aliyemfundisha Rukia yale ambayo baba hawezi kumfundisha binti.

"Baba Khalidi, una habari? Binti yako haendi."

"Haendi wapi?"

"Tanga. Kaniambia kwa mdomo wake. Anasema nani atakupikia, nani atakukanda kifua. Anataka akae hapa mezani auze na wewe."

Haruni alifurahi. Tuseme ukweli, kuna faida gani kuficha? Moyo wake uliruka. Alimwona Rukia palepale mezani akipanga masweta, wakitaniana mchana kutwa, wakirudi nyumbani pamoja. Ilikuwa picha tamu. Kisha akakumbuka kwamba nafasi ya chuo haingoji mtu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akichekelea hivyo, akaogopa. Alijiuliza yeye ni baba wa namna gani.

"Leo napika mimi," alisema.

"Wewe?" Mama Anyitike alishika kiuno. "Jamani, Mungu atuepushe!"

"Mbalaga. Ataona kwamba naweza kuishi peke yangu."

Alinunua ndizi na maharage ya hiyo mbalaga akafunga meza mapema. Kumenya ndizi mbichi kila mwanamke wa Rungwe anajua: unapaka mafuta mikononi kwanza. Haruni hakupaka. Utomvu ulimganda mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya fundi gereji. Maharage nayo hakuyapa muda, aliyachanganya na ndizi yakiwa bado yana hasira zake. Ndizi zikaiva, zikapondeka, zikaanza kuungua chini, na maharage yamekaza vilevile.

Rukia aliporudi jioni alikuta chakula kimefunikwa na baba yake amekaa pembeni, mikono ameificha kwapani.

"Karibu mama, ule," alisema Haruni. Alizoea kumwita hivyo.

Rukia alinawa, akala. Kila akitafuna ilisikika kama mtu anatembea juu ya kokoto. Alivumilia, masikini, akavumilia, mpaka baba yake alipouliza, "Kimekolea?" Hapo akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya maharage, baba, tumeze tu. Yatakulia tumboni!"

Haruni naye akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha. Rukia aliacha kucheka. Alimpa maji, akamkanda mgongo, akaona ile mikono.

"Unaona?" alisema taratibu. "Siendi, baba. Usinibishie."

Haruni alikuwa ameandaa maneno ya kuigiza uzima. Yote yalimtoka kichwani, ikabaki kweli tupu.

"Mama Anyitike aliponiambia hutaki kwenda, nilifurahi, Rukia. Nilifurahi sana. Ndiyo maana nataka uende. Nikikuzoea hapa mezani sitakuachia tena, najijua."

Rukia alisogeza sahani kando.

"Miaka yote nimekuvalisha nguo kubwa. Unadhani nilikuwa sioni kwamba zinakupwaya? Nilikuwa natamani nikuone umezijaza. Kila nikikunja mkono wa lile koti namwomba Mungu anifikishe siku ya kuukunjua. Sasa amenifikisha, nikukate wewe utoshe kwenye meza yangu?"

"Naogopa, baba," alisema Rukia. "Tanga simjui mtu. Na hayo masomo nayaona makubwa mno kwangu."

"Ni makubwa. Hata chuo chenyewe ni kikubwa." Haruni alimtazama. "Utakikulia."

Rukia alilia, na Haruni alilia naye, hakuona haya.

Asubuhi ya safari mvua ya kwanza ilianza kudondoka, nyembamba, yenye baridi. Walisimama kituoni kungoja basi la Dar linalotoka Kyela. Huko Dar Khalidi angempokea mdogo wake na kumpeleka Tanga. Rukia alivaa koti la kijivu. Alikuwa amechukua urefu wa mama yake, na mikono ya koti ilikomea kwenye vifundo vya mkono, haina mkunjo hata mmoja. Haruni alitazama pale mikono ilipoishia, akasema Alhamdulillahi, kisha akamgeukia Mama Anyitike aliyekuja na ndizi za kuchoma za njiani. "Ndaga, Mama Anyitike. Ndaga kwa yote," alimshukuru kwa lugha ya kwao. Yule mama alijifanya ana mafua.

Basi lilipopiga honi, Rukia alivua koti.

"Unafanya nini? Utapata baridi!"

"Tanga kuna joto, baba. Wewe ndiye unayebaki na mvua."

Alimvisha. Haruni ni mtu mfupi, mwembamba, na kikohozi kilikuwa kimempunguza zaidi. Mikono ya koti ilimeza vidole vyake vyeusi. Rukia alichuchumaa kidogo, akamkunja mkono mmoja, akamkunja wa pili, akavipapasa vile vikunjo vikae.

"Utalikulia, baba," alisema, akapanda basi haraka kabla uso haujamsaliti.

Haruni alirudi nyumbani kwanza, hakuwa na nguvu ya soko. Alifungua mlango. Ile nyumba yao ya vyumba viwili, ambayo siku zote aliilalamikia kwamba inawabana, ilikuwa imekuwa kubwa ajabu. Alisimama katikati yake ndani ya koti la binti yake, akisikiliza mvua kwenye bati.

"Haya," aliiambia nyumba. "Nitaikulia."